Bustani ya Jamii na Tovuti Yake kwa Watu Wote: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo kamati za bustani hurudia kuuliza, mara nyingi baada ya njia kuwa imeshamwagwa zege na tovuti imeshazinduliwa. Anayepanga kuanza upya asome tangu swali la 1; mwenye bustani iliyopo tayari anaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Bustani "inayofikika na watu wote" ni ipi hasa?

Ni ile ambayo mtu anaweza kupata habari zake, kuifikia, kuingia, kufanya kazi iliyomleta na kurudi kwake bila kulazimika kubebwa, kushikwa mkono asipotaka, au kusomewa jambo ambalo wenzake wanajisomea wenyewe. Kamati nyingi husema "mtu akija tutamsaidia", na husema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Hata hivyo, mtu anayenyanyuliwa pamoja na kiti chake kuvuka ngazi kila wiki hufika siku akaacha kuja. Hajakosana na mtu. Amechoka tu kugeuzwa shughuli ya watu wanne kabla hajagusa udongo.

Wanaohusika si watumiaji wa viti vya magurudumu peke yao. Wamo wasioona na wenye uoni hafifu, viziwi, watu wenye ualbino ambao jua ni adui wa ngozi na macho yao, wenye usonji, wenye kifafa, wazee wa magoti mabovu, wajawazito, na yule aliyevunjika mkono mwezi uliopita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani takriban mtu 1 kati ya 6, wana ulemavu wa kiwango kikubwa.

2. Kwa nini bustani na tovuti vijadiliwe pamoja? Si kazi za mafundi wawili tofauti?

Mafundi ni wawili, lakini kwa mgeni safari ni moja. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu haanzi kuifahamu bustani langoni. Anaanza kwenye simu, akitafuta kujua kama lango lina kizingiti, kama kuna choo anachoweza kuingia, na kama gari linaweza kumshusha karibu. Akikuta picha nzuri za maua na maneno "wote mnakaribishwa" bila hata moja ya habari hizo, ana mambo mawili ya kuchagua: kubahatisha au kubaki nyumbani. Wengi hubaki, na kamati huendelea kuamini kwamba watu wa namna hiyo hawapendi kilimo.

Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unayaweka mambo haya katika ibara moja: ibara ya 9 inataja majengo, barabara na usafiri pamoja na habari na mawasiliano, ikiwemo intaneti.

3. Hatuna mwanachama hata mmoja mwenye ulemavu. Kuna haja gani?

Ukosefu huo ndio dalili ya kwanza ya tatizo. Mahali pasipoingilika hapana waingiaji, kwa hiyo idadi ya waliomo haiwezi kutumika kama ushahidi kwamba hakuna wanaotaka kuingia. Isitoshe, ulemavu mwingi hauonekani kwa macho, na huenda mwanachama wenu asiyesikia vizuri sikio moja hajawahi kulitaja kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

4. Fedha ni chache. Tuanzie wapi?

Anzeni na mambo ya bure, ambayo karibu yote yako kwenye tovuti: kuandika ukweli kuhusu hali ya bustani (swali la 16), kuweka maelezo ya picha (swali la 12) na kuweka namba ya simu inayopokewa. Kisha tengenezeni njia moja kamili, kutoka pale gari linaposhusha watu, kupita langoni, hadi kwenye tuta moja, bomba moja, kivuli kimoja na choo. Njia moja isiyokatika ina faida kuliko matuta sita ya kisasa yaliyozungukwa na kokoto. Nimeona matuta ya namna hiyo, yamejengwa kwa ustadi na kupakwa rangi, yakiwa yamekaa mita nane ndani ya changarawe ambayo hakuna gurudumu dogo linaloweza kuipita.

La mwisho, na lisipuuzwe: waiteni watu wenye ulemavu mbalimbali kabla ya kuchora ramani, na kama wataalamu wengine hulipwa, nao walipwe.

## Lango, njia na matuta

5. Njia iwe na upana na mteremko kiasi gani?

Sentimita 90 zinamtosha mtu mmoja kupita kwa kiti cha magurudumu akienda mbele, lakini hazimtoshi kugeuka. Kugeuka kunahitaji duara lenye kipenyo cha sentimita 150, kwa hiyo kila njia inayoishia ukutani au kwenye tuta iwe na nafasi hiyo mwishoni, la sivyo mtu atalazimika kurudi kinyumenyume. Viti viwili kupishana kunahitaji takriban sentimita 180. Kwa njia kuu tunapendekeza sentimita 150 ikiwezekana, na isipungue 120.

Kuhusu mteremko, kipimo kinachotumika sana kwa njia mserereko (njia ya kupandia isiyo na ngazi) ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu. Kupanda nusu mita tu kunahitaji mita 6 za njia, jambo ambalo huwashangaza wengi waliodhani ubao mmoja ungetosha. Kipimo hicho ni cha juu kabisa, si cha kulenga: kwa njia ya kawaida ya bustani, 1 kwa 20 humwezesha mtu kujisukuma mwenyewe bila kuwasili amekwisha nguvu. Njia mserereko ndefu iwe na sehemu tambarare za kupumzikia, reli za kushikilia pande zote mbili, na ukingo wa chini wa kuzuia gurudumu lisitumbukie.

6. Lango nalo lina shida gani? Letu ni pana.

Tazameni komeo. Lango la kimo cha kifua lenye komeo upande wa ndani hufunguliwa na aliyesimama kwa kupitisha mkono juu bila hata kufikiri. Aliyeketi halioni, na hata akielekezwa lilipo mkono wake haulifikii, kwa hiyo hubaki akisubiri mtu apite. Lihamishieni upande wa nje au wekeni linalofunguka pande zote mbili, katika kimo cha kama mita 1, lenye mkono wa kusukuma ambao unaweza kufunguliwa hata kwa ngumi iliyofungwa. Upana wa kupitia, lango likiwa wazi kabisa, usipungue sentimita 80.

7. Njia itengenezwe kwa kitu gani?

Kwa chochote kilicho kigumu, tambarare na kisichoteleza kikilowa. Zege iliyopigwa ufagio kabla ya kukauka, matofali ya kupanga yaliyoshindiliwa vizuri, au vumbi la mawe lililoshindiliwa kwa mashine vinafaa. Kokoto, mchanga, maganda ya mbao na nyasi ndefu havifai. Yenye thamani kuliko vyote ni utunzaji, kwa sababu mzizi ulioinua tofali moja unaweza kumwangusha mtu mwenye magongo kwenye njia iliyokuwa kamilifu miaka miwili iliyopita.

8. Matuta ya kuinuliwa yawe na kimo gani?

Hakuna kimo kimoja, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Anayefanya kazi ameketi hufaidika na tuta la sentimita 60 hadi 75, isipokuwa lile la mfano wa meza linaloelezwa hapa chini, ambalo huzidi hapo. Anayesimama lakini hawezi kuinama huhitaji 75 hadi 90. Upana unategemea mkono: mtu hufikia takriban sentimita 60, kwa hiyo tuta linalofikiwa upande mmoja lisizidi hapo, na linalofikiwa pande mbili lisizidi 120.

Kuna matuta ya aina mbili. La kwanza ni sanduku lililojaa udongo hadi chini, ambalo mwenye kiti cha magurudumu hulikaribia kwa ubavu na kufanya kazi amejipinda. Lina kina cha kutosha kwa mmea wowote, lakini kujipinda kwa saa nzima huumiza mgongo. La pili ni mfano wa meza, ambalo mtu huingiza magoti chini yake na kufanya kazi akiwa ameelekea mbele. Ni la raha zaidi, ila magoti yanahitaji uwazi wa kama sentimita 70 kutoka chini, na ukiweka udongo wa sentimita 30 juu yake unapata meza ya mita 1 ambayo aliyeketi ataitazama kwa kidevu. Kwa sababu hiyo kina cha udongo hubaki sentimita 15 hadi 20, kinachofaa mboga za majani na viungo vya mizizi mifupi, na hukauka upesi kiasi kwamba katika joto huhitaji maji kila siku, pengine mara mbili. Ushauri wetu ni kuwa na aina zote mbili na kumwachia mtu achague.

Mambo mawili ya tahadhari. Sanduku la mita 2 kwa 1.2 lenye kimo cha sentimita 60 hubeba karibu mita za ujazo 1.4, na udongo wa kawaida uliolowa kwa kiasi hicho hupita tani 2, kwa hiyo mbao nyembamba hupasuka. Pia, mataruma ya zamani ya reli yaepukwe hata kama mnapewa bure, kwa kuwa mengi yalipakwa kreosoti, dawa yenye madhara kwa ngozi, na ukingo wa tuta ni mahali ambapo watu huegemea na kukalia.

9. Na maji na zana?

Ndoo ya kumwagilia yenye lita 10 ina kilo 10 za maji kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe. Wekeni za lita 3 au mpira wa maji. Bomba liwe na mkono wa kusukuma badala ya kizungusho cha mviringo, ambacho vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kukikaza. Mpini wa zana ukiviringishwa sponji hushikika vizuri zaidi, na mpini ukipakwa rangi kali zana huonekana kwa urahisi ikiangushwa kwenye majani.

10. Mtu asiyeona atajuaje alipo?

Kwa miguu, fimbo, masikio na pua. Njia ikiwa na ukingo ulioinuka kidogo, fimbo nyeupe huufuata bila shida. Sakafu ibadilike penye njia panda, kwa mfano kutoka zege kwenda matofali, ili mguu uhisi. Mimea yenye harufu, kama mrehani na mchaichai, ikipandwa mahali palepale kila msimu, huwa alama za kudumu. Kuihamisha bila taarifa ni sawa na kung'oa kibao cha barabarani. Vibao vya majina viwe na herufi kubwa zilizochomoza na nukta nundu, katika kimo cha mkono. Vikwazo vikubwa kuliko vyote ni vya muda: toroli lililoachwa njiani, na tawi linaloning'inia usawa wa uso, ambalo fimbo hailigusi.

11. Viti, kivuli na choo ni anasa?

Hapana. Bila choo anachoweza kukitumia, mtu hupanga kukaa dakika 40 na kutokunywa maji, jambo la hatari juani. Viti viwe na migongo na mikono ya kujiinulia, na ubavuni mwa kila kiti iachwe nafasi tupu ya sakafu ngumu ili mwenye kiti cha magurudumu akae pamoja na wenzake, si mbele yao.

## Tovuti

12. Picha zielezwe vipi kwa mtu asiyeziona?

Kwa maandishi mbadala, ambayo programu ya kusoma skrini huyatamka pale picha ilipo. Yakikosekana, programu nyingi husoma jina la faili, na msikilizaji hupata "picha, I, M, G, mstari wa chini, 4, 0, 3, 2", mara kumi na mbili mfululizo kama ukurasa una picha kumi na mbili. Andikeni kile ambacho picha imewekwa kukisema: "Lango kuu, njia ya zege, hakuna kizingiti" ni bora kuliko "Bustani yetu". Msianze na "picha ya", kwa sababu programu imeshatangaza kwamba ni picha. Picha ya pambo tupu iachiwe sehemu hiyo ikiwa tupu kwa makusudi, ili irukwe.

Hili linahusu pia matangazo. Bango lililochorwa vizuri lenye tarehe, saa na mahali, likiwekwa kama picha peke yake, ni ukurasa mweupe kwa asiyeona. Vivyo hivyo barua iliyopigwa picha na kuwekwa kama PDF. Yaandikeni maelezo yaleyale chini yake kwa maandishi ya kawaida, ambayo pia hufunguka upesi kwenye mtandao dhaifu.

13. Je, kuna kanuni zinazokubalika kimataifa?

Zipo. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti duniani, hutoa mwongozo wa kufanya tovuti zifikike na watu wote, ujulikanao kama WCAG, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 1999 na toleo la 2.2 likatoka Oktoba 2023. Una ngazi tatu, A, AA na AAA, na inayolengwa na wengi, zikiwemo sheria za nchi kadhaa, ni AA. Misingi yake ni minne: maudhui yatambulike kwa hisi zaidi ya moja, yaendesheke kwa njia zaidi ya kipanya, yaeleweke, na yafanye kazi katika vifaa mbalimbali.

Kwa tovuti ndogo ya bustani, mambo machache hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi (kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki hapo). Vitufe visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24. Maandishi yaweze kukuzwa mara mbili bila kupotea. Kisitumike kitu kinachowaka na kuzima zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa. Na rangi isiwe njia pekee ya kutoa habari: ramani inayoonyesha matuta yaliyo wazi kwa kijani na yaliyochukuliwa kwa nyekundu haisemi kitu kwa mtu asiyetofautisha rangi hizo, ilhali neno "wazi" lingemaliza kazi.

14. Tunawezaje kuijaribu tovuti bila mtaalamu?

Wekeni kipanya kando, mtumie kitufe cha Tab peke yake, na mjaribu kujiandikisha kwa siku ya kazi. Mkipotea bila kujua mlipo kwenye ukurasa, au mkinasa ndani ya kalenda msiweze kutoka, mmeshapata kosa la kwanza. Kisha washeni kisoma skrini: TalkBack imo kwenye simu nyingi za Android, VoiceOver imo kwenye iPhone, na NVDA hupatikana bure kwa kompyuta za Windows. Fumbeni macho na msikilize. Dakika tano za zoezi hili hubadilisha mawazo ya wajumbe kuliko mkutano wa saa mbili. Hata hivyo, nyinyi mnaijua tovuti yenu, kwa hiyo halichukui nafasi ya kumlipa mtumiaji halisi aijaribu.

15. Kisoma skrini kinaisoma tovuti yetu ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Kwa nini?

Kwa sababu tovuti imetangaza kwamba lugha yake ni Kiingereza. Violezo vingi, yaani mifano iliyo tayari ya kutengenezea tovuti, huja hivyo, na neno kama "tunapanda" hutoka likiwa limevunjwa kiasi kwamba mwenyewe hulitambui. Dawa ni kubadilisha mpangilio wa lugha ya tovuti, au katika msimbo kuandika `lang="sw"` mwanzoni mwa ukurasa. Msomaji naye anahitaji sauti ya Kiswahili kwenye kifaa chake, lakini hata akiwa nayo haitajiwasha msiposema ukurasa ni wa lugha gani.

16. Ukurasa wa hali ya bustani uandikwe nini?

Uandikwe vipimo, si sifa. "Bustani yetu ni rafiki kwa wote" haimsaidii mtu. Linganisheni na haya: "Gari linashusha mita 15 kutoka langoni. Lango lina upana wa sentimita 85, halina kizingiti. Njia kuu ni ya zege. Njia za pembeni ni za udongo na huwa na matope mvua ikinyesha. Choo kipo, kina reli upande wa kulia, mlango unafunguka nje. Upande wa mashariki una ngazi tatu na hakuna njia nyingine." Sentensi ya mwisho ndiyo hufichwa, nayo ndiyo itakayowafanya watu waamini zilizotangulia. Ongezeni tarehe ya kupimwa, picha za lango na choo, na njia mbili za mawasiliano, moja kati yake ikiwa ya maandishi kwa ajili ya viziwi.

17. Tumeuziwa programu-jalizi (programu ndogo ya kuongeza kwenye tovuti) inayodai kuifanya tovuti nzima ifikike kwa mstari mmoja wa msimbo. Tununue?

Hapana. Haijui picha yenu imewekwa kusema nini, haiwezi kuipanga upya fomu iliyovurugika, na mara nyingine hugombana na kisoma skrini ambacho mtu ameshakizoea.

## Mazingira yasiyo ya kawaida

18. Mahitaji yakipingana tufanye nini?

Yatapingana. Ukingo unaomwongoza asiyeona unaweza kumkwaza mwenye magongo. Mbwa mwongozaji wa mmoja ni mzio wa mwingine. Muziki unaowachangamsha wengi humfukuza mwenye usonji. Suluhisho la wastani mara nyingi humuumiza kila mtu kidogo, kwa hiyo gawanyeni kwa nafasi au kwa saa: kona moja isiyo na kelele, saa mbili kwa wiki bila mashine, ukingo ulioachwa wazi penye njia panda tu.

19. Eneo ni la mlima mkali, tena tumeazimwa. Hatuwezi kumwaga zege.

Tumieni vitu vinavyoondoleka, kama mbao za njia au mikeka migumu ya plastiki, na mpeleke bustani mahali mtu anapofika: matuta ya meza yawekwe kwenye sehemu tambarare karibu na lango, pamoja na kitalu, upangaji wa mbegu na daftari la kumbukumbu. Kazi hizo ni za bustani kweli, ila zizungushwe kwa wanachama wote, isije ikawa langoni ndipo wanapowekwa "wale".

20. Kuna mimea tusiyopaswa kupanda?

Mimea yenye miiba ikae mbali na ukingo wa njia. Mnyaa usitumiwe kama ua mahali ambapo watu hupapasa, kwa kuwa utomvu wake ukiingia machoni huleta maumivu makali na unaweza kudhuru uoni. Oleanda ina sumu katika sehemu zake zote, na haifai penye watoto au watu wanaoitambua mimea kwa kuionja.

21. Mikutano na mafunzo yaendeshwe vipi mwanachama akiwa kiziwi?

Mwulizeni anawasiliana vipi, kwani si kila kiziwi anajua lugha ya alama, na lugha za alama zenyewe ni nyingi. Mkalimani akiwepo, zungumzeni na mwanachama, si na mkalimani. Bustanini kuna kosa la pekee: mwalimu huinama na kueleza huku mikono na macho yake yako udongoni. Aonyeshe kwanza, ainuke, kisha aeleze. Video zinazowekwa kwenye tovuti ziwe na manukuu yaliyohakikiwa na mtu, kwa sababu yale ya kompyuta hukosea majina ya mimea karibu kila mara.

22. Mtu amelalamika kwamba alikuja akashindwa kuingia. Tumjibu nini?

Kwanza, msimweleze nia yenu ilivyokuwa njema. Mwombeni radhi, mwulizeni ni wapi hasa alikwama na alihitaji nini, kisha mrekebishe ukurasa wa hali ya bustani siku hiyohiyo (swali la 16), hata kama marekebisho ya lango yatachukua miezi. Mwambieni tarehe mtakayomletea jibu kuhusu lango, na tarehe hiyo ikifika mpigieni, jibu liwepo au lisiwepo.